Hesabu za Nyumbani kwa Njia ya Simu



Katika somo hili nataka tujifunze jinsi ya kuandika mapato na matumizi ya nyumba zetu kwa kutumia simu na mtandao. Najua wapo watakaosema kwamba jambo hili ni la vijana au la watu wa benki. Nami nilisema hivyo hivyo. Kwa hiyo yafaa nianze kwa kueleza yaliyonipata, msije mkadhani kwamba nawafundisha jambo nililolijua tangu zamani.

Nilifundisha hesabu katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka 35. Nilistaafu mwaka 2020, nikapokea mafao yangu ya mkupuo. Mimi na mke wangu tulikubaliana kwamba sehemu moja itengeneze paa, na sehemu nyingine ingoje ada ya mjukuu wetu aliyekuwa akitaka kusomea uuguzi. Paa likatengenezwa. Mjukuu alipopata nafasi chuoni mwaka 2022, nilikwenda kuangalia fedha ya ada, nikakuta haifiki hata nusu. Mke wangu akaniuliza, "Mwalimu, fedha imekwenda wapi?" Nikataja misiba, wageni, mbolea na ndugu niliowakopesha. Nilipojumlisha yote niliyoyataja, hayakufika robo ya fedha iliyopungua. Hakuna aliyeniibia. Mjukuu alikaa nyumbani mwaka mzima.

Yeye ndiye aliyeniambia siku moja, wala si kwa hasira, "Babu, tuiulize simu." Hapo ndipo lilipoanza somo hili.

1. Simu inajua nini, na haijui nini

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa, na mwaka 2008 ikaingia kwetu Tanzania. Tangu hapo, kila tunapotuma, tunapopokea au tunapotoa fedha, hesabu huandikwa bila sisi kuomba. Kampuni ya simu humpa mteja taarifa ya miamala yake akiihitaji. Wengi wetu tuna daftari la hesabu ambalo hatujawahi kulifungua.

Tuliomba taarifa ya miezi 6. Tuliposoma mstari kwa mstari tukaona kwamba nilikwenda kwa wakala kutoa fedha mara 74, jumla shilingi 2,310,000. Makato peke yake yalifika shilingi 149,600. Nilishtuka, maana siku zote niliyaona makato kuwa ni vijisenti.

Lakini lililonisumbua zaidi ni lingine. Mjukuu akauliza, "Hapa tarehe 9 ulitoa 50,000. Ilikuwa ya nini?" Sikukumbuka. "Na hii ya tarehe 12?" Sikukumbuka. Simu ilijua siku, saa na kiasi, lakini haikujua fedha ile ilifanya kazi gani baada ya kuingia mfukoni mwangu. Hilo nililijua mimi peke yangu, nami sikuliandika, basi likapotea.

Ndugu zangu, hilo ndilo jambo kuu la somo letu. Simu itakuonyesha fedha ilivyotoka mkononi mwako. Imefanya nini, huna budi kuandika wewe, tena siku ile ile.

2. Kazi hii ni ya zamani

Kuandika hesabu hakukuletwa na simu. Mwaka 1494, huko Venice, mtawa Luca Pacioli alichapisha kitabu cha hesabu ambacho ndani yake alieleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila shilingi inayoingia na inayotoka. Mwaka 1904 Hani Motoko, mwandishi wa habari mwanamke wa Ujapani, alitoa daftari la hesabu za nyumbani ili familia ipange matumizi ya mwezi kabla ya kuyatumia. Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa programu iitwayo VisiCalc, jedwali la kompyuta linalojumlisha lenyewe. Majedwali tunayoyatumia leo katika simu yanafuata mfano huo.

Chombo hubadilika, lakini kazi ni ile ile: kupanga, kuandika, kujumlisha, kisha kuketi na kutazama. Hata Bwana wetu alipotoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara (Luka 14:28), hakusahau kutaja kuketi. Wengi wetu huhesabu tukiwa tumesimama mlangoni, mguu mmoja nje.

3. Jinsi ya kutengeneza jedwali

Zipo programu nyingi za bajeti, lakini kwa anayeanza nashauri jedwali la kawaida, kama lile la Google, ambalo halilipiwi. Ukiliandaa mapema, unaweza kuliandika hata mahali pasipo na mtandao, nalo litajipanga mtandao ukirudi. Tena mume na mke, kila mmoja kwa simu yake, wanaweza kuliona jedwali moja.

Andika vichwa vitano juu ya safu: Tarehe, Maelezo, Fungu, Kilichoingia, Kilichotoka. Maelezo ni habari ya jambo lenyewe, kwa mfano "sukari kilo 2 na sabuni". Fungu ni jina la kundi, kwa mfano "chakula".

Chini ya jedwali, au katika ukurasa wa pili, andika kanuni za kujumlisha. Ukitaka jumla ya yote yaliyotoka, andika =SUM(E2:E100). Ukitaka jumla ya fungu moja tu, andika =SUMIF(C2:C100,"chakula",E2:E100). Maana yake ni hii: tafuta neno "chakula" katika safu ya C, kisha jumlisha fedha zilizo mbele yake katika safu ya E.

Nawaonya juu ya makosa mawili niliyoyafanya mwenyewe. Kwanza, niliandika fedha kwa mtindo wetu wa shuleni, yaani 5,000/=. Jedwali lilidhani ni maneno, si namba, na jumla ikawa sifuri. Andika 5000 basi. Pili, mara niliandika "chakula", mara "vyakula", mara "chakla". Kwa jedwali hayo ni mafungu matatu tofauti. Chagueni jina moja, mlishike.

4. Kupanga kabla ya kutumia

Kuandika yaliyopita ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni makadirio. Nyumbani kwetu tulikuwa na pensheni na fedha kidogo ya mayai, jumla shilingi 550,000 kwa mwezi. Tuligawa hivi:

Chakula 190,000
Umeme, maji na mkaa 55,000
Sadaka na ahadi ya kanisa 55,000
Ada ya mjukuu 110,000
Matibabu 40,000
Simu na makato 20,000
Misiba, harusi na wageni 40,000
Akiba 40,000

Jumlisheni wenyewe muone kwamba ni 550,000 kamili. Kila shilingi imepewa kazi kabla haijafika.

Mwezi wa kwanza tulishindwa. Chakula kilifika 204,500, simu na makato 43,700, na misiba na wageni 67,000. Mafungu hayo matatu yalizidi kwa shilingi 65,200. Akiba yote ya 40,000 ikaliwa, na deni la 25,200 likabaki dukani. Nilitaka kuacha. Mke wangu akasema, "Mwalimu, mtoto akipata alama mbaya jaribio la kwanza, ulikuwa unamfukuza shule?" Nikanyamaza.

Tuliketi tukatazama. Hatukuweza kuzuia misiba, na wala hatutaki kuacha kuzika jirani zetu, kwa hiyo tuliongeza fungu lile hadi 55,000 na kupunguza chakula hadi 175,000 kwa kununua mchele kwa gunia. Upande wa makato, tuliacha kutoa fedha kidogo kidogo. Kwa viwango vilivyo vingi, kutoa shilingi 10,000 mara tano hugharimu zaidi kuliko kutoa 50,000 mara moja. Tazama jedwali la makato kwa wakala kabla hujatoa. Mwezi wa tatu, fungu la simu na makato lilikuwa 21,900.

5. Kwa wakulima

Ndugu zetu walimao machungwa au mahindi wataniambia, "Sisi hatuna mshahara wa mwezi." Ni kweli, na kwa sababu hiyo makadirio yanawahusu zaidi. Tuseme mkulima ameuza machungwa kwa shilingi 2,400,000. Kwanza atenge gharama za shamba za msimu ujao, tuseme 600,000. Zimebaki 1,800,000. Azigawe kwa miezi 12, apate 150,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo mshahara wake. Mwezi wa mavuno atajiona tajiri, lakini jedwali litamkumbusha kwamba fedha iliyo mkononi ni ya miezi 12. Kama ana mapato mengine madogo, ya kuku au ya kibarua, ayaandike yanapoingia, asiyatumie katika makadirio kabla hayajafika.

6. Tahadhari

Kwanza, namba ya siri. Hakuna programu ya kuandika matumizi inayohitaji namba yako ya siri ya fedha za simu. Ikikuomba, ifute.

Pili, ruhusa. Programu nyingine zikiingia katika simu huomba kusoma ujumbe wako na majina ya watu wako. Jiulize zinayatakia nini. Baadhi hujiita za bajeti, kumbe kazi yake ni kukopesha. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kufungia majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizofanya kazi bila leseni. Fahamu pia kwamba tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inakupa haki juu ya habari zako.

Tatu, nakala. Huko Marekani ilikuwako programu mashuhuri ya bajeti iitwayo Mint, iliyoanza mwaka 2007. Mwaka 2024 wenyewe waliifunga, na waliokuwa wakiitumia wakalazimika kutafuta pengine pa kuweka hesabu zao. Chombo cha mwenzio kina mwisho. Kila mwisho wa mwezi andika jumla za mafungu yako katika daftari la karatasi. Dakika kumi zatosha.

Nne, jedwali lisiwe fimbo. Mume asilitumie kumhoji mke juu ya chumvi ilhali yake mwenyewe hayaandiki. Nyumbani kwetu fedha iliyopotea ilikuwa mikononi mwangu, si mwa mke wangu. Anayeanza kuandika na awe yule anayeshika fedha nyingi.

Na asiye na simu ya kupangusa asikate tamaa. Daftari la kurasa 48 na kalamu vitafanya kazi ile ile, ila utajumlisha mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kumdhuru mtu.

7. Zoezi la siku saba

Kuanzia Jumapili hii hadi Jumamosi, andika kila shilingi inayotoka, hata ya maandazi, kabla ya kulala. Usibadili matumizi yako kwanza, andika tu. Jumamosi jioni mketi wote wa nyumba, mjumlishe kwa mafungu, kisha mjadili maswali haya:

(a) Ni fungu lipi lililowashangaza kwa ukubwa wake?
(b) Ni kiasi gani mlichotoa kwa wakala ambacho hamkumbuki kilifanya kazi gani?
(c) Makato ya wiki nzima yalikuwa kiasi gani? Zidisheni kwa 52. Fedha hiyo ingeweza kufanya nini?
(d) Ni jambo gani moja mnaloliwekea fedha mwaka huu, na je, lina fungu lake?

Mjukuu wetu alianza chuo mwaka 2023, na ada yake imetoka katika fungu la shilingi 110,000 kila mwezi. Mwaka alioupoteza siwezi kumrudishia. Kila jioni nikifungua simu kuandika, naukumbuka. Nimewaandikia haya ili katika mtaa wetu pasiwe na mtoto mwingine atakayekaa nyumbani kwa sababu babu yake alijua kufundisha hesabu lakini hakujua kuandika za kwake.

Atakayekwama katika kutengeneza jedwali na anione baada ya ibada ya pili, aje na simu yake. Tutaketi chini ya mwembe, nami nitamwonyesha.

Ndimi ndugu yenu,
Mwalimu mstaafu