Chungu au Mchwa? Kagua Nguzo Kabla ya Kununua Dawa

Ukitoka Lodwar kwenda Kakuma, safari ya kilomita zipatazo 120, vichuguu virefu husimama kando ya barabara, vingine vikimpita mtu mzima kwa kimo. Hayo ni makao ya mchwa, na mchwa ndio wanaobomoa nyumba nyingi huku kwetu. Hata hivyo, mwenye nyumba akiona chungu weusi wakubwa wakipanda boriti, lawama yote huwaangukia wao, na pesa iliyotafutwa kwa shida huishia kwenye dawa isiyofaa. Mtambue mdudu kwanza.

Ni yupi aliyeingia?

Chungu ana kiuno chembamba sana na vipapasio vilivyopinda katikati. Mchwa mfanyakazi ni mweupe, mwili laini, kiuno hakionekani na vipapasio vimenyooka. Wakiruka kuzunguka taa baada ya mvua, tazama mabawa. Kumbikumbi, yaani mchwa wenye mabawa, mabawa yao manne yanalingana urefu na hudondoka hovyo sakafuni. Chungu mwenye mabawa, yale ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma.

Chungu wanaochonga mbao ni wa jenasi ya Camponotus, yenye spishi zaidi ya 1,000 duniani. Hawali mbao. Huichonga wapate pa kuishi, kisha huutupa nje unga wake, ukiwa umechanganyika na miguu na mabawa ya wadudu waliowala. Hapa Afrika wengi wao huchimba viota ardhini, na wanaoingia ndani ya nyumba kwa kawaida hufuata mbao iliyolowa au kuanza kuoza. Ukiwakuta kwenye boriti, basi angalia juu: huenda tundu la msumari kwenye bati linavuja.

Kisu kitamaliza ubishi. Gonga nguzo kwa mpini, ukianzia pale inapotoka ardhini. Penye sauti ya utupu, chokonoa kwa ncha. Ikizama bila nguvu, pasua kidogo uone ndani. Vijia vyenye udongo ni vya mchwa. Vijia visafi, laini kana kwamba vimepigwa msasa, ni vya chungu.

Mchwa hupita wapi

Mwili wa mchwa hukauka upesi kwenye joto la Turkana, ndiyo maana hutembea ndani ya vichochoro vya udongo anavyojenga ukutani. Vunja kichochoro kwa urefu wa kidole, urudi kesho yake. Kikizibwa, wamo. Kisipozibwa, usitulie bado, kwani huenda wamebadili njia. Vuta magunia, masanduku na vitanda vilivyoegemezwa ukutani, ukague nyuma yake.

Nyumba za matofali mabichi, zilizo nyingi Kakuma na Kalobeyei, zinahitaji jicho kali zaidi. Ukuta wenyewe ni udongo, kwa hiyo mchwa hupanda ndani yake bila kuonekana hadi kwenye boriti zinazobeba mabati. Kagua ukuta unapokutana na paa, si chini tu. Bafu na mahali pa kuoshea vyombo visimwage maji kwenye msingi, na kuni zisirundikwe kando ya ukuta.

Kubomoa kilele cha kichuguu hakusaidii: malkia yuko chini kabisa, na wafanyakazi watakijenga upya. Kilicho mbali na boma kiache. Mchwa hao huozesha majani na samadi na kuurutubisha udongo.

Nguzo

Wengi wetu tunajengea mathenge, mti ulioenezwa Turkana miaka ya 1980. Chagua uliokomaa, wenye kiini kinene cha rangi iliyokolea, maana sehemu ya nje iliyo nyeupe ndiyo inayoliwa kwanza. Bambua gome lote, kisha ukaushe kivulini. Ukimudu saruji, usiichimbie nguzo ardhini. Isimamishe juu ya zege iliyoinuka na uifunge kwa chuma kilichozamishwa humo. Bila chuma hicho upepo utaondoka na paa.

Mafundi wengi hupaka oili chafu ya gari. Tunaomba desturi hii iachwe. Oili hiyo huingia kwenye udongo ambao watoto wanauchezea, na hulisha moto pale nyumba zinapobanana.

Dawa, ikibidi

Kwa chungu, ziba panapovuja na ubadilishe mbao iliyooza. Wakibaki, wafuate jioni uone wanakotoka. Koroga kijiko kimoja cha chai cha boraksi katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu yenye sukari, uloweshe pamba na kuiweka kwenye njia yao, mahali ambapo mtoto na mbuzi hawafiki. Wafanyakazi watabeba chambo hadi kiotani, kwa hiyo usiwapulizie dawa njiani. Chungu wanaoishi nje waache, kwa sababu aina nyingi huwala mchwa.

Kwa mchwa walio ndani ya msingi, nunua dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, yenye lebo inayotaja mchwa. Usikubali kupimiwa kwenye chupa ya soda. Dieldrini na aldrini, zilizotumika zamani kuua mchwa, ziliorodheshwa zikomeshwe katika Mkataba wa Stockholm wa 2001 kwa sababu hudumu miaka mingi ardhini na mwilini. Vaa glavu, usinyunyize karibu na maji au chakula cha mgao, na jerikani ya dawa isitekewe maji kamwe.

Kagua nyumba kabla ya mvua za Machi, na tena zikiisha. Boriti ikisikika tupu, hamisha vitanda vya watoto siku hiyo hiyo, uitegemeze kwa nguzo, kisha mwite fundi. Ukiwa kwenye kambi ya wakimbizi, mjulishe kiongozi wa bloku yako.