Somo: Moto wa nyumba utoke kwenye shamba letu



Mazutu ya mashini ya kusaga, esansi ya pikipiki na petroli ya taa hazitoki hapa Masisi. Nyingi zinashukia bandari ya Mombasa, kisha zinapanda malori kupitia Uganda ao Rwanda. Shida yoyote ya njiani inaonekana kwenye bei. Mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipopunguza mafuta, bei ilipanda karibu mara nne katika miezi michache. Mwaka 2022, vita ya Ukraine iliipandisha tena. Na mafuta yakichimbwa hayaoti tena kama muti.

Mashini ya kusaga hatuwezi kuigeuza leo. Lakini moto wa kupikia uko mikononi mwetu. Franga tusiyonunulia makala inabaki kwa siku ile bei itakapopanda.

1. Tupande kuni zetu. Mwanzo wa mvua ya mwezi wa kenda, panda grevilea kwenye mipaka ya shamba. Haisumbui sana mazao. Kaliandra panda kwenye mistari ya kuzuia udongo: ukiikata inachipuka tena, majani yake ni chakula cha ngombe na mbuzi. Mikaratusi inakomaa mbio, lakini inakunywa maji mengi. Iweke mbali na chemchemi na maharagi.

2. Tuchome kuni kavu. Kuni mbichi inapoteza moto kwa kukausha maji yake yenyewe, na moshi unaumiza mama na watoto. Pasua, panga chini ya paa, ngoja miezi kadhaa. Tukumbuke pia: kwa tanuru ya udongo, kilo 100 za kuni zinatoa kilo 10 hadi 20 tu za makala. Kwa matumizi ya nyumbani, kuni kavu kwenye jiko zuri inafaa zaidi.

3. Tupike kwa kikapu. Huku kwenye milima, maji yanachemka mbele ya kufika digrii 100, ndiyo maana maharagi yanakawia kuiva. Fanya hivi:
- Loweka maharagi usiku mzima, mwaga maji yale.
- Chemsha kwa nguvu dakika 30, sufuria ikiwa imefunikwa.
- Iingize mbio katika kikapu kilichojazwa majani makavu ya migomba, funika na blanketi.
- Usifungue kwa saa 4 ao 5.
- Rudisha kwa moto, ichemke tena mbele ya kula. Kama haijaiva, endelea kupika. Maharagi mabichi yanaumiza tumbo.

Kazi ya nyumbani: juma moja pika maharagi kama kawaida, juma la pili tumia kikapu. Hesabu mafungu ya kuni kila juma.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Tofauti ni mafungu mangapi? Ni nani mwenye nafasi ya kitalu karibu na maji, na nani atakilinda ngombe wasiingie?