SOMO: TANURI ZA CHOKAA ZA LONQUÉN



Leo tunawakumbuka watu 15 wa mashambani waliouawa na polisi wa Chile, Amerika ya Kusini, wakati wa utawala wa kijeshi. Chile ni mbali, lakini kibarua yeyote wa shamba ataelewa habari hii.

Mwaka 1967 nchi hiyo ilipitisha sheria mbili: moja ya kugawa ardhi ya mashamba makubwa, nyingine ya kuwapa wafanyakazi wa mashambani haki ya kuunda vyama. Wenye mashamba hawakusahau. Tarehe 11 Septemba 1973 jeshi likampindua Rais Salvador Allende, na Jenerali Pinochet akashika nchi.

Hata mwezi haujaisha, Jumapili tarehe 7 Oktoba, polisi waliingia majumbani mwa wafanyakazi huko Isla de Maipo, karibu na mji mkuu Santiago. Walimchukua mzee Maureira na wanawe wanne, mzee Astudillo na wanawe wawili, na ndugu watatu wa nyumba ya Hernández. Vijana wengine wanne walikamatwa mjini.

Wake zao waliambiwa wanaume wamepelekwa Uwanja wa Taifa wa michezo, uliogeuzwa kuwa gereza. Wakaenda, hawapo. Wakazunguka magereza na vyumba vya maiti. Mwaka 1975 serikali ikaueleza Umoja wa Mataifa kwamba wengi wa wanaotafutwa hawamo katika kumbukumbu zake, yaani hawakuwahi kuwako! Hapo, ndugu, msome polepole. Mtu anauawa, kisha anafutwa hata kuzaliwa kwake. Lakini akina mama wale walikuwa na majina, tarehe, na mashahidi waliowaona polisi.

Novemba 1978 mifupa ilipatikana ndani ya tanuri za chokaa zilizoachwa huko Lonquén. Mkuu wa polisi akadai walishambuliwa usiku, wafungwa wakafa katika mapigano. Mapigano gani hayo, yaliyoua wafungwa wote na polisi wote wakapona? Hakimu Adolfo Bañados naye hakuyakubali maelezo hayo. Kesi ikahamishiwa mahakama ya kijeshi, na polisi wakaachiwa kwa sheria ya msamaha ya 1978.

Septemba 1979 jamaa walikuwa kanisani wakingojea majeneza. Hayakuja. Mabaki yalikuwa yamekwisha tupwa katika kaburi la pamoja. Mwaka 1980 tanuri zikalipuliwa kwa baruti. Jamaa hawakuacha kudai, na mwaka 2010, baada ya wataalamu kuyatambua mabaki, wakazika watu wao.

Sisi tunaopita mashambani kuandikisha wanachama tumeona madaftari mengi ya matawi. Yana majina ya walipa ada tu. Kibarua wa msimu hayumo. Akichukuliwa usiku, nani atathibitisha kwamba alikuwako?

Mkutano ujao katibu alete daftari. Tuhesabu: vibarua wa msimu uliopita wameandikwa wangapi, na kando ya kila jina kuna jina la nani wa nyumbani kwake?