Sketi Iliyoshushwa Pindo: Kupanga Wahusika na Mavazi ya Video ya Wimbo Shuleni

Klabu za muziki mashuleni zikishamaliza kurekodi wimbo, swali linalofuata ni moja: "Tutavaa nini?" Jibu nalo halichelewi. Fulana za sare, miwani ya jua, raba nyeupe za kuazima. Siku ya kushuti kila mtu kapendeza, lakini video ikitoka, mtu anayeimbwa haonekani. Wanaonekana wanafunzi waliopendeza.

Nimekaa na vijana wa Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, katika kazi hizi, na ninachowaambia kwanza ni hiki: swali la nguo liwekeni kando kwa siku mbili. Ulizaneni wimbo unamhusu nani, analala wapi, leo kaamka saa ngapi, na mfukoni ana nini. Mkishamjua mtu huyo, nguo zake mtazijua bila kubishana.

Tuchukue wimbo kuhusu binti anayerudi shule baada ya kujifungua. Ni habari ya kwetu kabisa. Novemba 2021 Serikali ya Tanzania, kupitia Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Wimbo wa namna hii unahitaji wahusika watatu tu: binti mwenyewe, bibi anayebaki na mtoto, na rafiki aliyekuwa akikaa naye dawati moja. Chukueni karatasi moja kwa kila mhusika. Mpeni jina hata kama wimbo haumtaji. Andikeni umri, shughuli yake, anachokitaka na anachokiogopa. Wahusika wakizidi watano, video ya dakika nne haiwezi kuwabeba, mtazamaji atawachanganya.

Sasa sketi. Binti huyu aliacha shule akiwa kidato cha pili, na miaka miwili imepita. Kaongezeka urefu na kiuno, na nyumbani hakuna fedha ya sare mpya. Bibi anaitoa sketi ya zamani sandukuni na kuipeleka kwa fundi cherehani pale barazani. Fundi anafungua kiuno, anashusha pindo. Mtu yeyote aliyesoma shule zetu anajua kinachotokea: kitambaa chote kimepauka kwa jua na kufuliwa, lakini pale palipokuwa pamekunjwa ndani hapakuguswa na jua. Panabaki utepe wa bluu iliyokolea unaozunguka sketi yote chini, na juu yake alama ya tundu za uzi wa zamani. Piga picha ya karibu ya utepe huo kwa sekunde tatu, binti akiwa anatembea kwenda shule. Mtazamaji atajua kwamba miaka imepita, kwamba fedha hakuna, na kwamba kuna mtu nyumbani anayetaka binti huyu asome. Hakuna ubeti uliohitaji kuyasema hayo.

Na haigharimu kitu. Tafuteni sketi ya zamani yenye pindo nene, fumueni uzi, pigeni pasi. Ila kama sketi ni ya kuazima, mwenyewe aambiwe kabla ya kufumua, na awe ameridhika.

Hapo ndipo ilipo kazi yote ya mavazi. Jambo moja dogo, la kweli, lililochaguliwa kwa makusudi, lina nguvu kuliko sanduku zima la nguo mpya. Msanii Mrisho Mpoto hupanda jukwaani miguu mitupu, na watu humtambua kwa miguu hiyo kabla hajafungua kinywa.

Bibi yeye ana kanga. Kanga ina maneno, na watazamaji wa kwetu huyasoma. Mkimvalisha bibi mwenye huruma kanga yenye maneno ya kijembe, watu wataanza kutafuta nani anasemwa, na wimbo wenu umepotea. Kabla ya kushuti, tandazeni doti zote mlizopata, someni jina la kila moja kwa sauti, kisha chagueni ile ambayo bibi huyu angeinunua mwenyewe. Angalieni pia rangi na uchakavu. Bibi wa nyumbani hashindi jikoni na kanga iliyotoka dukani jana ikiwa bado ina wanga wake. Ifueni mara mbili tatu kabla.

Mavazi yanaishi mahali, na wilaya hizi mbili hazifanani mbele ya kamera. Korogwe ina milima ya Usambara kwa nyuma, mto Pangani, reli, na mistari ya mkonge yenye rangi ya kijani iliyofifia kuelekea kijivu. Handeni wakati wa kiangazi ni nyasi zilizokauka, vumbi na udongo mwekundu. Mhusika aliyevaa kahawia au kaki atamezwa na Handeni. Aliyevaa kijani atapotelea katika mkonge. Kwa hiyo nendeni mahali mlipopachagua mkiwa na vipande vitatu vya nguo vya rangi tofauti, mmoja wenu asimame navyo kwa zamu, mpige picha za simu hatua ishirini kutoka alipo. Jibu mtaliona hapo hapo. Wakubwa wa kazi hii hufanya vivyo hivyo. Katika video ya "Thriller" ya Michael Jackson, iliyotoka 1983, mbunifu wa mavazi Deborah Nadoolman Landis alimpa mwimbaji koti jekundu, na katikati ya usiku ule na wafu waliofufuka, waliovaa nguo zilizopauka, jicho halimpotezi hata anapocheza katikati ya kundi.

Shati jeupe la shule ni tatizo la pekee. Saa sita mchana, kamera ya simu ikilenga shati, uso unakuwa giza. Ikilenga uso, shati linawaka mpaka mikunjo haionekani. Shutini kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Na epukeni mashati ya mistari myembamba iliyokaribiana, maana kwenye video mistari hiyo hutetemeka na kusumbua macho.

Sasa niseme jambo ninalolijali kuliko mengine yote. Huku tunaishi Wazigua, Wasambaa, Wabondei, Wamaasai na wengine wengi, na tangu Juni 2022 zipo familia zilizohamia Msomera, Handeni, kutoka Ngorongoro. Mara nyingi nimeona kijana akijifunga shuka nyekundu, akashika fimbo na kuanza kuongea Kiswahili cha kuvunja ili watu wacheke. Msifanye hivyo. Mwenzenu wa Kimaasai anakaa dawati la tatu. Mwombeni acheze yeye, na awaambie shuka inafungwaje, shanga ipi inavaliwa na nani, na katambuga zinavaliwa wakati gani. Kama wimbo una kipande cha ngoma, iwe selo ya Wazigua au mdumange wa Wasambaa, msikilizeni anayeicheza nyumbani kwao. Mavazi ya unyago na ya jando, na shanga za kiunoni, waachieni wenyewe. Kuna vitu ambavyo kungwi alivifundisha ndani ya nyumba, na vitabaki ndani ya nyumba. Mhusika mwenye ualbino asichezwe kwa kupakwa unga, na mwenye ugonjwa wa akili asiwe kichekesho cha matambara.

Baadhi ya klabu hutaka wimbo wa historia, na Korogwe haina haja ya kwenda mbali. Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba ya Ngombezi, Magunga na mengineyo yalikuja kufanyiwa kazi na manamba, watu walioletwa kwa mkataba kutoka mbali, wengine Kigoma, wengine Songea, wengine Ruanda-Urundi na Msumbiji. Baadhi ya wanafunzi wa Korogwe ni wajukuu na vitukuu vyao. Hapa kitu kikubwa kuliko nguo ni kipande, ile kadi iliyowekwa alama kwa kila siku ya kazi iliyokamilika. Tengenezeni kipande kimoja kwa karatasi ngumu, kiloweke kwenye chai ya rangi, kikaushwe juani, kikunjwe na kukunjuliwa mpaka kichoke. Mkata mkonge akikitoa mfukoni jioni na kukitazama, tayari mna mhusika. Kuhusu nguo zenyewe, waulizeni wazee mtaani, na ombeni kuona picha za zamani walizonazo majumbani.

Wazee hao hao wanaweza kuwasaidia kwa njia nyingine. Kwenye maigizo ya jukwaani tulizoea kijana kupakwa poda kichwani awe mvi na masizi kidevuni yawe ndevu. Ukumbini inakubalika kwa sababu mtazamaji yuko mbali. Kamera iko karibu, na poda itaonekana poda. Kama mhusika ni babu, mtafuteni babu. Hatakiwi kukariri chochote. Akae tu kwenye kigoda chake na kofia yake, atengeneze jembe lake.

Kuna mavazi ambayo sheria inayakataza, na ujinga haumponyi mtu. Sare za jeshi na zinazofanana nazo ni mojawapo. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya namna hiyo kuyasalimisha, yakiwemo ya mitumba. Kofia ya mabaka uliyoipata mnadani isiingie katika video. Sare za polisi vivyo hivyo. Nembo ya shule ni ya shule. Ama mwalimu mkuu aridhie kwa maandishi, ama mvae sare isiyo na nembo. Jezi za Simba na Yanga nazo ziachwe nyumbani, isipokuwa wimbo unazihusu, kwa sababu mtazamaji akiona jezi anaacha hadithi na kuanza mpira.

Nguo zenyewe mtazipata majumbani kwanza, kisha kwenye mitumba ya sokoni, Manundu kwa Korogwe au Chanika kwa Handeni, na mwisho kabisa kwa fundi. Atakayezitunza awe mtu mmoja, si kila mtu na zake. Mtu huyo awe na daftari, na kila tukio linapoisha ampige picha kila mhusika mbele, nyuma na ubavuni. Mwaka mmoja kikundi nilichokuwa nacho kilishuti kwa Jumamosi mbili. Ya kwanza binti alifunga kilemba fundo likiwa kushoto. Ya pili fundo likawa kulia, na vifungo viwili vya shati vilikuwa vimefungwa badala ya kimoja. Tulipounganisha picha, kilemba kilikuwa kinaruka kutoka sikio hadi sikio kila kiitikio kinaporudi. Tukio lote likafutwa, na lilikuwa ndilo zuri kuliko yote.

Wasichana wapate chumba cha kubadilishia nguo, chenye mlango unaofungwa, na mwalimu wa kike awepo. Kichakani nyuma ya gari hapafai, hata kama mnawahi mwanga. Mhusika akisema nguo fulani haimpi amani, ibadilishwe bila kumuuliza sababu mbele za watu. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto; mzazi au mlezi wa kila anayeonekana aulizwe, na aambiwe wazi video itawekwa wapi. Yule anayecheza binti aliyejifungua alindwe zaidi. Mwanzo wa video andikeni kwamba ni igizo, maana mtaani watu hawakawii kumwita kwa jina la mhusika, na yeye Jumatatu anarudi darasani.

Ruhusa nazo ziombwe mapema. Shamba la mkonge lina mwenyewe, na reli ina Shirika la Reli. Msipige picha relini kwa kuvizia. Kama video itatoka nje ya shule, mwalimu wa klabu amwone afisa utamaduni wa halmashauri, awaelekeze taratibu za Baraza la Sanaa la Taifa na Bodi ya Filamu. Mjue tu ni halmashauri ipi, kwa sababu Korogwe ina ya Mji na ya Wilaya, na Handeni hali kadhalika. Barua iliyokwenda kusiko inaweza kuwagharimu wiki mbili.

Mkimaliza, nguo zote zifuliwe, zipigwe pasi na kurudishwa kwa wenyewe kabla wiki haijaisha. Kanga ya bibi ipelekeni wawili watatu, ikiwa imekunjwa pindo kwa pindo. Mkae naye mkekani, mumwonyeshe video kwenye simu kabla mtu mwingine hajaiona, na mumsubiri aseme.