Somo: Beki Aliyejenga Daraja Dogo



Katika somo hili tunamwangalia Tsuneyasu Miyamoto, mchezaji wa zamani wa Japani. Alikuwa beki. Kazi ya beki ni kulinda, na watu hawamsifu kama wanavyomsifu mfunga magoli. Lakini sisi tunaotafuta amani tunayo ya kujifunza kwake.

Miyamoto ni nani?

Alizaliwa mwaka 1977 katika jimbo la Osaka. Alianza kuchezea Gamba Osaka mwaka 1995, na huku akicheza alisoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Doshisha. Alikuwa kapiteni wa taifa lake katika Kombe la Dunia la 2002 na la 2006. Aliacha kucheza mwaka 2011.

1. Kusema kwa wakati wake

Tarehe 31 Julai 2004, katika Kombe la Asia, Japani ilicheza na Jordan mjini Chongqing, China. Watazamaji wengi waliizomea Japani, kwani vidonda vya vita vya zamani kati ya China na Japani vilikuwa havijapona. Mchezo uliisha 1-1, wakaenda kwenye penalti. Wapigaji wawili wa kwanza wa Japani waliteleza, wakakosa.

Miyamoto hakupiga kelele wala hakumtukana refa. Alimwendea, akamweleza kwamba udongo pale ni mbaya, afadhali timu zote zihamie goli la upande mwingine. Refa alikubali. Japani ilishinda 4-3, na siku saba baadaye ikachukua kombe.

Kiongozi anaona shida, anamwendea mwenye uamuzi, anasema kwa heshima, na anapendekeza njia.

2. Kujenga mahali pa kukutania

Baada ya kuacha kucheza, Miyamoto alirudi shuleni Ulaya kusomea uongozi wa michezo. Yeye na wanafunzi wenzake walijiuliza: je, mpira waweza kusaidia watoto wa Bosnia kuishi pamoja?

Mji wa Mostar, katika Bosnia, uligawanyika wakati wa vita. Wabosnia Waislamu na Wakroati walipigana humo, na Novemba 1993 daraja la kale juu ya mto Neretva lilibomolewa kwa mizinga. Lilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 2004. Lakini daraja la mawe laweza kusimama huku watu wakikataa kulivuka. Hata baada ya vita watoto wengi walisoma mbalimbali, kila mmoja na watu wake.

Mwaka 2016 shule ya michezo ilifunguliwa Mostar kwa juhudi za Miyamoto na wenzake. Inaitwa Mali Most, maana yake Daraja Dogo. Humo watoto wa makabila mbalimbali wanafanya mazoezi pamoja.

3. Mpira peke yake hautoshi

Tusijidanganye. Mostar ina timu mbili kubwa: Zrinjski, inayopendwa zaidi na Wakroati, na Velež, inayopendwa zaidi na Wabosnia Waislamu. Mashabiki wao wamepigana mara nyingi. Mpira ule ule waweza kuunganisha au kutenganisha. Tofauti inatoka kwa watu wazima: nani anapanga timu, nani anafundisha, na maneno gani watoto wanasikia nyumbani.

Mwaka 2024 Miyamoto alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho la mpira la Japani. Wengi wanakumbuka makombe yake. Sisi tukumbuke pia Daraja Dogo.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

- Ombi la Miyamoto lilisaidia timu yake. Je, Jordan walitendewa haki? Tunapoomba jambo kwa wakubwa, tunafikiri pia juu ya upande wa pili?
- Hapa tunapoishi, watoto wa wenyeji na watoto wa waliokimbia vita wanakutana wapi?
- Timu za vijana wetu zimepangwa kwa kabila, kwa kijiji, au zimechanganyika? Nani anaweza kubadilisha hilo?
- Sisi wazazi, jana jioni tulisema nini juu ya jirani mbele ya watoto?

Kila kikundi kichague jambo moja dogo la kufanya kabla ya kukutana tena. Haba na haba hujaza kibaba.