Jumatatu ya Mkristo: Vidokezo Vitano

Jumapili haina kazi kubwa: unavaa, unaimba, unasema amina. Uraia unatungoja Jumatatu, na kura ya 2027 haiko mbali.

1. Hakikisha jina lako limo kwenye daftari la wapiga kura la IEBC. Kuombea uchaguzi bila kujiandikisha ni kuombea mvua shamba ambalo hujalima. Umehama Nakuru ukaja Thika? Hamisha na kituo chako.

2. Mheshimiwa akileta bahasha kanisani, ulizeni pesa ni za nani. Najua, paa linavuja na kwaya inataka sare. Hata mimi nimewahi kupiga makofi. Lakini Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza Rais Ruto arudishiwe pesa alizotoa katika parokia ya Soweto, Kayole: shilingi 600,000 za kwaya na watoto, na milioni 2 za nyumba ya mapadre. Waanglikana nao walikuwa wamewanyima wanasiasa mimbari tangu 2021. Kumbe inawezekana! Mkitaka paa, changeni wenyewe polepole. Bati la mchango wa waumini halidai kura.

3. Nenda kwenye kikao cha bajeti ya kaunti. Makadirio hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha, na ibara ya 196 ya Katiba inalitaka bunge hilo liwashirikishe wananchi. Kwenye kesha tunabanana hadi mlangoni. Kwenye kikao hiki viti vinabaki vitupu. Beba swali moja tu: dawa za zahanati yetu zimetengewa ngapi? Wakikujibu kwa maneno, omba tarakimu kwa maandishi. Ibara ya 35 iko upande wako.

4. Chai ya trafiki. Rozari inaning'inia kwenye kioo cha gari, noti ya mia imekunjwa ndani ya leseni. Sina la kuongeza.

5. Warumi 13, ile ya kutii mamlaka, isiwe plasta ya kuziba midomo. Paulo huyo huyo, katika Matendo 16, alichapwa viboko kule Filipi bila kesi, akatiwa ndani. Kulipokucha wakubwa wa mji wakatuma watu wamwachilie kimyakimya. Akakataa katakata: yeye ni raia wa Rumi, waje wenyewe wamtoe. Wakaja, wakambembeleza aondoke mjini. Naye hakuwa na haraka. Alipita kwanza kwa mwenyeji wake Lidia kuwasalimu ndugu.