Somo la Biashara Ndogo: Je, Uboreshe Programu ya Kuchapa Picha?

Studio na saiba nyingi za Malindi, Watamu, Kilifi, Mtwapa na Mariakani hutegemea kompyuta moja na printa moja. Hapo ndipo hutoka picha za pasipoti, za harusi na za wageni waliozuru Mnara wa Vasco da Gama. Asubuhi moja ujumbe hutokea kwenye kioo: toleo jipya lipo, boresha sasa. Ukibonyeza bila kufikiri, printa yaweza kugoma wateja wakiwa kwenye foleni. Ukipuuza kila mara, picha na nakala za vitambulisho vya wateja zaweza kuibwa. Somo hili litakusaidia kuamua.

1. Tofautisha sasisho na toleo jipya

Sasisho ni marekebisho madogo, kwa kawaida ya bure, yanayoziba mianya ya usalama katika programu uliyo nayo. Hilo usilicheleweshe. Toleo jipya ni programu iliyobadilishwa kwa kiasi kikubwa. Mara nyingi hulipiwa, na huenda likahitaji kompyuta yenye nguvu zaidi. Hapo ndipo pa kufikiri.

2. Jua tatizo linatoka wapi

Picha ya inchi 4 kwa 6 inayochapwa kwa nukta 300 kwa inchi huhitaji nukta 1,200 kwa 1,800 tu. Simu nyingi za leo hupita kiwango hicho. Picha iliyopigwa ikiwa na ukungu haitasafishwa vizuri na toleo jipya. Mistari kwenye karatasi mara nyingi husababishwa na matundu ya wino yaliyoziba. Rangi zikipotoka, hakikisha umechagua aina sahihi ya karatasi kabla ya kuchapa.

Vipimo navyo si sababu ya kununua programu. Picha ya viza ya Marekani ni milimita 51 kwa 51, na ya nchi za Schengen, Italia ikiwemo, ni 35 kwa 45. Programu nyingi hukuruhusu kujiwekea vipimo hivyo mwenyewe.

3. Uliza kama programu bado inatunzwa

Google iliacha kuitunza Picasa mwaka 2016. Microsoft nayo ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Programu ya aina hii huendelea kufanya kazi, lakini mianya mipya haizibwi, isipokuwa pale ambapo kuna mpango maalumu wa nyongeza.

Hili ni jambo zito kwa anayehifadhi sura na vitambulisho vya watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kuhifadhi taarifa za watu azilinde. Zikivuja na kukawa na hatari ya kweli ya madhara, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Kama huwezi kuboresha kwa sasa, iondoe kompyuta hiyo kwenye intaneti na ufute picha za wateja usizozihitaji.

4. Piga hesabu

Tuchukue mfano. Toleo jipya linagharimu shilingi 12,000 na faida yako kwa kila picha ni shilingi 20. Utalazimika kuchapa picha 600 ili kurudisha fedha hizo. Ukichapa picha 15 kwa siku, hizo ni siku 40. Kama malipo ni ya kila mwezi, fanya hesabu ya mwaka mzima.

Kumbuka pia kwamba GIMP ni programu ya bure ya kuhariri picha. Epuka programu zilizovunjwa leseni, kwani mara nyingi huja na virusi.

5. Ukiamua kuboresha

• Hakikisha kwenye tovuti ya mtengenezaji kwamba printa yako inakubaliana na toleo jipya.
• Nakili picha na mipangilio yako kwenye diski ya nje.
• Usibomoe toleo la zamani mpaka jipya lithibitike.
• Chagua siku tulivu, si wiki ya Idi, Pasaka au Krismasi.
• Hakikisha data inatosha na una betri ya akiba, kwani stima ikikatika katikati ya kazi programu yaweza kuharibika.
• Chapa picha ileile kwa matoleo yote mawili, kisha uzilinganishe nje kwenye mwanga wa jua.

Zoezi

Andika majibu ya maswali haya kwenye karatasi. Programu yangu bado inatunzwa? Kuna kazi ya mteja niliyoshindwa kuifanya kwa sababu yake? Printa yangu itakubali toleo jipya? Gharama itarudi kwa siku ngapi?

Jibu la kwanza likiwa hapana, panga kuhama mapema, hata kama ni kwa programu ya bure. Likiwa ndiyo, na hakuna kazi uliyoshindwa kuifanya, baki na uliyo nayo, weka masasisho ya usalama, na fedha hizo nunua wino na karatasi bora.